Ubeti wa Sekunde Kumi na Moja

Pacha alivunjika kabla sijaketi.

Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha njano, kile cha sherehe, kwa sababu kumvunja pacha kwetu Lihanje ni sherehe. Kila Pia, yaani gurudumu kubwa tunalolipoza, huzaliwa na kipande kidogo cha chuma kilekile, unene wa mkono wa mtu mzima. Kinaning'inizwa nayo kwenye ndoano moja, kinapita katika hewa ileile na kuzama katika mafuta yaleyale. Kisha Pia huenda kazini, na kipande hubaki nyumbani kwa mzazi wake, yaani yule aliyeongoza kuipoza. Mwaka wa tatu kinarudishwa karakana kuvunjwa, ili tujue ndugu yake aliyeko kazini ana hali gani. Wangu nilimtunza chini ya meza ya jikoni. Nilimpaka mafuta kila Jumamosi, na wajukuu zangu walimwamkia kama mtu.

Pacha mzuri hafi kirahisi. Nyundo ya bembea inashuka kutoka juu na kumpiga kiunoni, naye anajikunja, anararuka taratibu kama turubai, mpaka nyundo inaishiwa nguvu. Pacha wa Pia ya Nane aliisimamisha kabisa katikati ya safari, na mama yangu alicheka mpaka akashika ukuta.

Huyu wangu alilia tang, na nyundo ikapita kana kwamba hapakuwa na kitu. Ilipanda upande wa pili karibu kimo kilekile ilikotoka. Nusu moja ya pacha ilibiringika mpaka kwenye kiatu changu.

Tulikuwa watatu chumbani. Mimi, Kolumba Mtweve, mpozaji mkuu wa Lihanje, miaka hamsini na minane, mtu asiyependa kushindwa hata kwenye bao. Fortunatus Luoga, mkuu wa karakana, ambaye mama yangu alimpokea akiwa kijana asiyejua kushika koleo. Na Rukia Shemdoe, mhandisi wa kusoma chembe za chuma, binti wa Lushoto mwenye sauti ndogo, aliyekuwa na mwezi mmoja tu kwetu. Nje ya mlango wenzangu saba wa reli, ninaosukuma nao chuma, walikuwa wameshaanza kupiga makofi, wakinisubiri nitoke na kipande kilichopinda.

"Samahani, mama," alisema Rukia, utadhani yeye ndiye aliyekivunja.

Niliinama nikaiokota ile nusu. Chuma chenye afya kikivunjika huonyesha uso wa kijivu, uliofifia, wenye nyuzinyuzi. Huu wa kwangu ulimetameta. Ulijaa vijiuso vidogovidogo vinavyong'aa, kama chumvi ya mawe.

"Labda nyundo ina kasoro," alisema Fortunatus.

"Fortu, nyundo haina kasoro. Umeisikia mwenyewe."

Alikwenda mlangoni, akafungua kidogo, akawaambia wale wa nje kwamba tunachelewa kidogo. Kisha akasukuma komeo. Makofi yakafifia, mtu mmoja akacheka, na mimi nikajikuta nimekificha kile kipande ndani ya kitenge, kama mwizi wa mahindi.

*

Pia ni gurudumu la chuma la tani nne, linalozunguka chini ya ardhi katika chumba kisicho na hewa. Mchana umeme wa jua unaiongezea mwendo mpaka ukingo wake unakimbia kuliko sauti. Jioni inaanza kuurudisha umeme ule mijini, kidogokidogo, mpaka kunakucha. Watoto ndio waliolipa gurudumu jina hilo, kwa ile pia yao ya kuzungusha kwa kamba, na wakubwa wakaiga.

Zilikuwa nane zilizopozwa na mama, na hakuna hata moja iliyowahi kukohoa. Ya tisa niliipoza mimi, miezi miwili baada ya kumzika. Niliipa jina lake, Benigna. Inazunguka chini ya kilima cha Kisinga, na juu ya kilima hicho wanaishi watu elfu arobaini.

Rukia aliiweka nusu ya pili ya pacha chini ya hadubini. Ukutani, kwenye skrini, likatokea umbo kama shamba lililogawiwa viraka, kila kiraka na mpaka wake.

"Hizi ndizo chembe..."

"Binti, chembe nimezijua hujazaliwa."

"Najua, mama. Itazame mipaka."

Niliitazama. Kila mpaka ulikuwa na mstari mweupe, mwembamba, usiokatika. Kwenye chuma cha mama mistari ile haikuwapo.

Alieleza, nami nilimwacha aeleze kwa sababu anajua kueleza. Aloi yetu, yaani chuma chetu cha mchanganyiko, ina madini ya vanadi na kaboni kidogo. Ikiwa nyekundu ndani ya tanuri, vitu hivyo vimeyeyuka na kutawanyika humo ndani, huwezi kuvinyooshea kidole. Ukiipoza haraka vinanaswa vilivyo, kila mahali kidogokidogo, na hiyo ndiyo nguvu ya Pia. Ukichelewa vinapata nafasi ya kutembea. Vinakimbilia mipaka ya chembe na kujipanga hapo. Chembe zenyewe zinabaki ngumu, na ukipima ugumu unapata namba nzuri kabisa, kama tulivyoipata sisi miaka mitatu iliyopita tukapongezana. Lakini kile kinachozishikanisha kimegeuka kigae.

"Ufa ukianza," alimalizia, "barabara umeshajengewa."

"Na Benigna inapanda na kushuka kila siku," nilisema. "Kila siku inavutwa, inalegezwa. Mara elfu moja sasa, na zaidi. Itadumu muda gani?"

"Inaweza kudumu miaka kumi. Inaweza isifike Jumapili. Vipima mtetemo vya shimoni havijasikia kitu, ila ufa wa aina hii husikika ukiwa umeshapita."

Fortunatus alikuwa amefungua kumbukumbu za upozaji. Alipigapiga skrini kwa ukucha. "Kutoka mlango wa tanuri mpaka mafutani, sekunde hamsini na moja. Kanuni inaruhusu sitini. Tuko ndani ya kanuni, jamani."

"Kanuni iliandikwa kwa aloi ya zamani," alisema Rukia. "Pia ya Nane ilichukua ngapi?"

"Arobaini."

"Ya Saba?"

Fortunatus alirudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Arobaini. Arobaini. Arobaini. Pia nane, miaka ishirini na saba, na mama hakuwahi kuzidisha wala kupunguza hata sekunde moja. Kifua kilinijaa nilipoziona namba zile zimepangana hivyo, halafu nikaona hamsini na moja yangu imekaa chini yake.

"Nini kilibadilika?" aliuliza Rukia.

"Hakuna," nilisema, na nilikuwa na hakika. "Reli ileile, mimi na walewale niliofanya nao kazi siku zote. Wimbo uleule."

Alikwenda kuchukua vipimo vingine stoo. Mlango ulipofungwa Fortunatus alivuta kiti karibu na changu.

"Dada Kolumba, nisikilize vizuri. Taarifa ya pacha anaiandika mzazi peke yake. Sheria haimtaki mwingine. Andika kwamba alishika kutu pale jikoni. Mimi nitaipunguza kasi ya Benigna kwa robo, tuseme ni matengenezo. Itapumua. Hakuna atakayeumia."

"Rukia je?"

"Rukia ni mgeni. Atakufuata wewe."

Alijua ninalolifikiria, akalitaja mwenyewe. "Ukienda kulisema lile neno la kuisimamisha, Pia haitazungushwa tena milele. Inakatwa vipande. Wewe unaacha glovu mezani, hushiki chuma chekundu mpaka unakufa. Na wale wauza Mikono, zile mashine za kusukuma badala ya watu, wanasubiri siku kama hii. Wataleta mashine zao hapa wiki ijayo. Watu wa reli utawapeleka wapi?" Alishusha sauti. "Jina la mama liko kwenye ile Pia. Utalikata kwa msumeno?"

Angekuwa mtu mbaya ningemtukana nikapumua. Lakini Fortu alibeba jeneza la mama begani kutoka kanisani mpaka makaburini, akakataa kupokezwa.

"Nipe saa moja," nilimwambia.

*

Nilikwenda kwenye reli. Ukumbi wetu wa reli una tanuri upande mmoja na bwawa la mafuta upande mwingine, na kati yake hatua thelathini. Chuma chekundu kinasafiri kikining'inia kwenye ndoano, kikisukumwa na watu wanane kwa nguzo ndefu. Mota zilijaribiwa zamani. Zilikuwa zinashtuka wakati wa kuanza na kusimama, na gurudumu lililo laini kwa moto halitaki kushtuliwa. Watu wanane wanaotembea kwa wimbo mmoja hawashtuki. Wimbo ndio saa yetu, na ndio breki yetu.

Wendelin Mgaya alikuwa anafagia. Ndiye msaidizi wangu, wa pili kwenye nguzo, mzee wa miraba minne asiyeweza kufagia bila kuimba. Alikuwa amewaacha wenzake mlangoni alipochoka kusubiri. Hakuniona. Alianzia kwenye tanuri, akisukuma ufagio kwa mwendo wa kazi:

*Toka ndani, toka mwekundu,*
*tumekungoja, tumekungoja.*
*Huku nje kuna baridi,*
*usiizoee, usiizoee.*

Alipofika katikati alisimama. Hapo sakafuni pana alama mbili zilizochimbika, mahali mama alipokuwa akisimama kuongoza. Miaka ishirini na saba ya jozi moja ya buti. Wendelin alivua kofia, akaushika ufagio wima, akaimba ubeti mwingine:

*Benigna alisimama hapa,*
*sakafu yamkumbuka.*
*Twasimama aliposimama,*
*mikono yetu ni yake.*

Kisha akavaa kofia akaendelea kufagia kuelekea bwawani.

Ule ubeti niliutunga mimi, wiki ya matanga, nikiwa nimekaa kwenye mkeka na macho yamevimba. Niliwafundisha wenzangu wote, nao waliupenda, na kwa kuwa kwetu hatupiti mahali pa marehemu wetu bila kusimama, tulisimama. Tulisimama na tani nne za chuma chekundu juu ya vichwa vyetu, katika hewa ya mwezi wa saba inayotoa moshi mdomoni, tukamwimbia mama yangu.

"Wendelin."

"Ee dada! Vipi, amepinda?"

"Uimbe tena ule ubeti wa mama. Kwa mwendo uleule."

Alinishangaa, ila aliimba. Niliiangalia saa yangu ya mkononi tangu alipokanyaga alama mpaka alipoinua mguu kuendelea.

Kumi na moja.

Nilimwonyesha saa, nikamwonyesha ile nusu ya pacha niliyoificha kwenye kitenge changu. Wendelin si msomi, lakini chuma anakijua. Aliipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, chumvi ikametameta, na akaketi chini palepale sakafuni.

"Ubeti," alisema.

"Ubeti."

"Lakini tulifanya kwa heshima."

"Ndiyo."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. "Unamkumbuka waziri?" aliuliza.

Nani angemsahau waziri? Alikuja kututembelea na msafara wake, akaingia kwenye njia ya reli na kumnyooshea mama mkono wa salamu huku chuma kinakuja. Mama alimsukuma kwa bega, mheshimiwa akaangukia rundo la magunia. Chuma kilipokwisha kuzama mafutani ndipo mama alipofuta mikono, akarudi, akapiga goti na kumwamkia kwa adabu zote, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. "Salamu ni za mikono mitupu, baba," alimwambia.

"Angetuchapa," alisema Wendelin.

"Kwa koleo. La moto."

Tulicheka mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka sikuweza kuyazuia. Nilimlilia mama kuliko nilivyomlilia siku ya maziko. Nilikuwa nimemtumia kuchelewesha chuma, mtu ambaye hakumcheleweshea chuma hata waziri.

Nilipomaliza kulia nilikuwa nimeshajua. Kupunguza kasi kwa siri, kusingizia kutu, hayo yote yangekuwa kusimama tena katikati ya reli na kuwaacha watu wa Kisinga wakining'inia. Nilivaa glovu zangu juu ya kitenge changu cha sherehe, nikatoka mlangoni, nikawaeleza wenzangu wote jambo lote, na sikuwaomba ruhusa. Fortunatus alinisikiliza akiwa ameegemea ukuta. Alipoona nimemaliza alikwenda mwenyewe kuwasha gari.

*

Sheria inataka neno lisemwe mbele ya wanaoishi juu ya Pia. Saa sita mchana uwanja wa shule ya Kisinga ulikuwa umejaa, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa.

"Kamwene," niliwasalimu.

"Kamwene," waliitikia, lakini kwa mashaka. Mzazi wa Pia haji mjini kwenu kula wali.

Niliwaambia. Niliwapa ile nusu ya pacha wapitishiane mkono kwa mkono, na walipokuwa wakiigeuzageuza niliwaeleza chumvi ile maana yake nini, na sekunde kumi na moja zilitoka wapi. Nilisema ubeti niliutunga mimi. Nilisema hakuna mwingine wa kulaumiwa, na kwamba kanuni ilituruhusu, na kwamba kanuni ilikosea.

Muuguzi mmoja mwenye sweta jekundu aliinua mkono lakini hakungoja aitwe. "Mama, mimi nina watoto wachanga sita kwenye mashine za joto. Hii Pia miaka mitatu haijazima hata dakika. Wewe unakuja kutuzimia kwa sababu ya wimbo?"

"Hospitali itaungwa na Pia ya Sita leo hii, kabla sijasema neno la kuisimamisha Pia hii. Haitakatika. Nyumba zenu zitapata umeme kwa zamu mpaka Pia mpya iwe tayari."

"Lini?"

"Miezi minane."

Watu walinguruma. Mtu wa maghala ya viazi alipiga kelele kwamba viazi vyake havijui zamu. Mwingine akauliza kama ufa umeonekana, na Rukia, kwa sauti yake ndogo, akajibu kwa kweli kwamba haujaonekana. Sikumlaumu. Ningemlaumu angejibu vingine.

"Basi kwa nini?" alisema yule muuguzi.

"Kwa sababu niliizaa vibaya," nilisema, "na ninyi ndio mnaolala juu yake."

Hapo sikungoja wakubali. Rukia aliniashiria kwamba hospitali imeshaungwa. Nilikwenda kwenye kisanduku cha sauti kilicho mlangoni pa shimo, kile kinachoitambua sauti ya mtu mmoja tu duniani, nikavua glovu na kuziweka juu yake. Shingo nilikuwa nimeinyoosha, na hilo nalisema bila haya.

"Mimi Kolumba Mtweve, mzazi wa Benigna. Simama."

Kwa muda hapakutokea kitu. Kisha mvumo ulioko chini ya miguu, ambao watu wa Kisinga walikuwa wameuzoea hata hawausikii tena, ukashuka sauti. Uwanja mzima ulitazama chini. Iliendelea kushuka mchana kutwa. Ilipofika magharibi nilikuwa bado nimekaa kwenye kiti cha shule, na Wendelin pembeni yangu ameshika kofia mkononi, na ardhi ikanyamaza.

*

Siku ya tatu waliipandisha juu kwa winchi, ikiwa safi na yenye kung'aa, na jina la mama limechongwa ubavuni. Rukia aliipitia yote kwa kipimo cha mawimbi ya sauti kinachotafuta ufa, ukingo, mabega, kitovu, saa nne nzima, na umati wa Kisinga umesimama nyuma ya kamba.

Hakuona ufa.

Aliirudia. Hakuona. Nyuma ya kamba minong'ono ilianza, na nilisikia vizuri mtu akisema tumezimiwa bure na bibi mwenye kichaa cha nyimbo. Niliogopa. Nimesimama mbele ya matanuri maisha yangu yote na sijawahi kuogopa namna ile. Kwa dakika kadhaa nilijiuliza kama nimemkata mama yangu vipande kwa ajili ya pacha mmoja mbovu.

"Tulete nyundo," alisema Fortunatus. Ndiye aliyeagiza ipakiwe garini, bila kutuambia.

Msumeno ulikata kipande begani, pale chuma kinapokuwa chembamba na kupoa kwanza. Rukia alikiweka mahali pake, nyundo ya bembea ikainuliwa mbele ya watu wote, na akavuta kamba.

Tang.

Nyundo ilipita hewani na kupanda upande wa pili mpaka juu. Vipande viwili viliruka, kimoja kikaingia chini ya kamba na kusimama miguuni pa yule muuguzi. Alikiokota. Alikitazama kwa muda mrefu, akikigeuza kwenye jua, na tulio karibu tuliona kinavyometameta.

"Chini ya wodi," alisema. "Hii ilikuwa chini ya wodi yangu."

Alikuja mpaka nilipokuwa, akanishika mkono wangu usio na glovu, na akapiga goti kidogo, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

*

Wauza Mikono walikuja Lihanje, kama Fortunatus alivyotabiri, na picha zao nzuri za mashine zinazosukuma bila kutetemeka. Rukia aliwapokea. Aliwawekea mezani kumbukumbu za Pia nane, arobaini, arobaini, arobaini, miaka ishirini na saba, kisha akawauliza mashine yao imewahi kurudia sekunde zilezile mara ngapi. Walisema watarudi na jibu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona nikinywa chai, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile. Kanuni ilibadilishwa kabla ya Krismasi. Sitini ilifutwa, ikaandikwa arobaini, kwa vipimo vya chuma cha mama yangu.

Mimi glovu sikurudishiwa, na sikuziomba. Siku ya kupoza Pia ya Kumi nilisimama nyuma ya mstari wa njano pamoja na wageni, katika kitenge kilekile. Yule muuguzi wa Kisinga alikuwa kulia kwangu. Kwenye nguzo ya kwanza, mahali pangu, alikuwa Wendelin.

Mlango wa tanuri ulipanda. Joto lilitupiga usoni, na ile duara kubwa ikatoka, nyekundu ya kuelekea njano, na pacha wake pembeni.

*Toka ndani, toka mwekundu...*

Miguu kumi na sita ikaanza pamoja. Nilijikuta nami nakanyaga pale nilipo. Walifika kwenye alama za buti za mama, nikabana pumzi. Hakuna aliyegeuza hata jicho. Walizipita kama zile si kitu, mwendo uleule, mabega yameinama, *usiizoee, usiizoee*, mpaka ukingoni mwa bwawa. Ndoano ikashuka. Mafuta yakanguruma, moshi ukapanda mpaka darini, na nyuma yangu Rukia akaipaza ile sauti yake ndogo mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Arobaini!"

Watu walishangilia. Fortunatus alikuwa anapiga makofi huku anafuta macho kwa mkono wa shati. Alimfuata Wendelin na kumuuliza, kama desturi ilivyo, mzazi anaipa Pia hii jina gani, na pacha atalala kwa nani.

"Pacha atalala kwangu, chini ya kitanda," alisema Wendelin. "Na jina mnalijua. Benigna. Safari hii sawasawa."

Kisha wote wanane wakaweka nguzo chini. Walivua glovu, wakarudi polepole mpaka katikati ya reli, wakazizunguka zile alama mbili sakafuni na kuvua kofia. Wendelin alinitazama, akanikunjia kidole niingie. Nilivuka mstari wa njano na mikono yangu mitupu.

Tulimwimbia ubeti wake. Rukia, ambaye hawezi kuacha kupima kitu, aliniambia baadaye kwamba ulichukua sekunde kumi na tisa.